Jina Lililoandikwa Chini

Kila Jumatatu asubuhi, kabla jua halijapata nguvu juu ya mabati ya mji wa Baraka, kando ya ziwa, Hawa binti Ibrahim aliuliza mtandao swali lile lile. Hakuuliza kwa kuandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, kama wafanyavyo watu wanaotaka kuona picha za arusi ya rafiki. Yeye alipitia mlango mwingine, ule ambao mitandao ya kijamii huwafungulia watengenezaji wa programu. Mlango huo huitwa kiolesura. Programu ya Hawa ilituma ombi lililopangwa kwa utaratibu maalumu, ombi lililotaja maneno yanayotafutwa, eneo na muda. Nao mtandao ulijibu kwa kuyarudisha machapisho yote yenye maneno hayo, yakiwa yamevuliwa picha na mapambo, kila moja na namba yake, tarehe yake na akaunti iliyoliandika.

Maneno yenyewe hayakuwa ya kupendeza. Kuua, kuchoma, kufukuza, kulipiza: hayo ndiyo aliyoyatafuta, kwa Kiswahili cha pwani ya ziwa, kwa Kibembe, na kwa Kirundi kidogo alichokiokota Bujumbura alikosomea kompyuta. Aliajiriwa na Sikilizana, shirika dogo lenye vyumba viwili nyuma ya soko, lililojipa kazi ya kuzima chuki ikiwa bado maneno. Hawa alikusanya, na mkuu wake, Henri, alipeleka ripoti panapohusika. Mwanzoni panapohusika palikuwa kwa wazee wa mitaa na kwa mashirika ya misaada. Baadaye ofisi moja ya usalama iliomba nayo ipewe nakala, ikapewa, kwa kuwa hakuna aliyepata sababu ya kuinyima.

Hawa alipenda kazi iliyonyooka. Masharti ya kiolesura yalisema kwamba mwenye chapisho akilifuta, kila aliyehifadhi nakala yake naye sharti aifute. Wengi huyakubali masharti ya namna hiyo bila kuyasoma. Hawa aliyasoma mpaka mwisho, kisha akatengeneza kipande cha programu kilichoamka kila alfajiri, kikauliza kama kila chapisho lililomo ghalani mwake bado lipo mtandaoni, na lile lisilokuwapo kikalifuta lisionekane tena.

"Mutu akijuta na kufuta neno lake," alimwambia Henri, "sisi ni banani tubaki nalo?"

Henri alicheka. "We ungefaa kuwa kadhi, Hawa. Umepotea njia."

Jumatatu moja ya msimu wa mvua, katika majibu yaliyorudi, chapisho moja lilimfanya Hawa aondoe mkono kwenye kikombe cha chai. Lilisema: *Waliomuua mwanangu kwenye njia ya Bibokoboko, na wao wauawe. Nyumba zao zichomwe kama kifua changu kinavyoungua. Asibaki wa kuwazika.* Akaunti ilikuwa ya Ndabaneze, wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda. Picha yake ilionyesha mwanamume mwembamba mwenye kofia ya sufu, amesimama mbele ya kibanda cha kuchajia simu.

Henri alikuja akainama juu ya bega lake, akasoma midomo ikicheza.

"Huyu hafichi. Anataja njia, anataja moto. Anaikala Lusenda?"

"Lusenda, shefu."

"Mwanaume?"

"Picha ni ya mwanaume." Hawa alisita. "Lakini anasema mwanangu. Huyu mutu iko na kilio."

"Bote benye kuchoma nyumba biko na kilio," Henri alisema, bila ukali. "Hiyo njo ugonjwa ya hii inchi. Weka kwa ukurasa wa kwanza."

Hawa akaliweka kwenye ukurasa wa kwanza. Ripoti ikapigwa chapa, ikagongwa muhuri, ikapelekwa.

Mwanamke aliyekuja wiki iliyofuata alishuka kwenye pikipiki akiwa ameshika viatu mkononi, kwa sababu ya matope. Alisimama mlangoni akaitazama kompyuta kwanza, ndipo akamtazama Hawa.

"Ni hapa kwa bantu ba mashini?"

"Ni hapa, mama. Karibu, ukae."

"Sitakaa. Nikikaa nitalia, na sikukuja kulia. Minaitwa Concilie. Bwana yangu ni Ndabaneze. Bamemukamata. Banasema mashini ya Baraka ndiyo ilimuona."

Hawa alisema neno la kwanza lililomjia, na mara alipolisema aliona jinsi lilivyokuwa dogo. "Aliandika maneno mabaya, mama."

"Aliandika. Anaandikaka kila siku. Kazi yake njo kuandika. Lakini hakusema."

Hapo Concilie akaeleza, amesimama vilevile, viatu mkononi. Watu wa Lusenda wengi walivuka kutoka Burundi wakiwa na nguo walizovaa tu. Jamaa zao wamesambaa Rumonge, Kigoma, na makambi ya Tanzania, na simu za kioo kambini ni za kuhesabika. Ndabaneze, ambaye kwao alikuwa karani wa parokia, alikuwa na simu, kibanda na mwandiko. Kwa hiyo watu walikwenda kwake. Mtu aliketi kwenye kigoda, akasema alilotaka ndugu zake wasikie, naye Ndabaneze akaliandika kwenye akaunti yake mwenyewe, neno kwa neno, bila kulitia asali. Mtu akisema *mimi*, naye aliandika *mimi*. Akimaliza alimsomea mwenye maneno. Kisha aliandika ujumbe wa pili, akauning'iniza chini ya ule wa kwanza kama jibu, wenye jina la msemaji, bloki yake, na jina la baba yake. Hakupenda kulichanganya jina na maneno. Alisema maneno ya mtu yasimame peke yake, kama mtu mwenyewe anavyosimama mbele ya kanisa. Kambi nzima ilijua, na hata jamaa walioko ng'ambo walijua: ukitaka kumfahamu anayesema, tazama chini.

"Ile ya njia ya Bibokoboko ilikuwa ya nani?" Hawa aliuliza.

"Ya mama Kezimana wa bloki tisa. Mutoto wake Hatungimana alipanda kule juu milimani kulimia bantu. Bakamuua njiani, na maiti haikuletwa. Mama akasema, kama siwezi kuzika, nitalaani. Alikuja pa kibanda, akalaani. Bwana yangu akaandika. Angefanya je? Amuambie mama mwenye kufiwa aseme pole-pole?"

Hawa alielewa yote kwa mara moja, kama mtu anayeona sufuria ikianguka kabla haijafika chini. Swali lake la Jumatatu lilitafuta maneno. Ujumbe wa chini haukuwa na neno lolote kati ya yale yaliyotafutwa; ulikuwa na jina, bloki na jina la baba. Kwa hiyo kiolesura kilileta wa juu, kikauacha wa chini. Ombi moja zaidi, la kutaka mazungumzo yote yaliyofungamana na chapisho, lingeuleta. Ombi hilo lilikuwapo katika maelezo ya kiolesura. Hawa alilisoma zamani na kulipita, kwa sababu haikumjia kwamba mtu anaweza kuandika *mimi* na *mimi* huyo akawa ni jirani yake.

"Basi tutalimaliza sasa hivi," alisema, akavuta kiti. "Jina liko kule chini. Nitalitoa, nitalipiga chapa, na tutapeleka. Kaa, mama. Sasa unaweza kukaa."

Concilie akakaa. Hawa akaandika ombi kwa namba ya chapisho. Jibu lilirudi upesi kuliko kawaida, nalo lilikuwa tupu. Akaandika tena, polepole, akihakikisha kila tarakimu. Tupu. Akauliza kwa jina la akaunti. Kiolesura kikajibu kwamba akaunti hiyo haipo.

"Mama. Nani amefuta akaunti?"

Kwa mara ya kwanza Concilie alitabasamu, tabasamu la mtu anayengoja kusifiwa. "Mi. Walipomubeba, simu ilibaki kwa kibanda. Jirani Vainqueur akaniambia, futa vyote, basipate neno ingine ya kumufungia. Akanionyesha pa kufinya. Tulifuta mupaka simu ikaniuliza kama ninataka kweli. Nikafinya ndiyo." Tabasamu likaanza kupungua. "Nilifanya vizuri, hapana?"

Hawa aligeukia ghala lake mwenyewe, mahali alipohifadhi machapisho ya miezi mingi. Alijua atakachokikuta, lakini alitafuta. Kulikuwa na wakati ambapo ghala hilo lilikuwa na machapisho mengine ya Ndabaneze: moja la bibi aliyeogopa kufukuzwa shambani, jingine la kijana aliyesema hatalipiza kisasi kwa kuwa amechoka. Mtu yeyote angeyasoma yote pamoja angeona kwamba hayawezi kuwa ya kinywa kimoja, kwani katika wiki moja mwandishi alikuwa mjane, kijana na baba wa mapacha. Sasa hayakuwapo. Alfajiri baada ya Concilie kufinya ndiyo, kile kipande cha programu kiliamka, kikauliza, kikaambiwa hayapo tena, kikafanya kazi yake kwa uaminifu.

Kilichosalia duniani cha mwandiko wa Ndabaneze kilikuwa ukurasa mmoja wenye muhuri, na nakala yake ilikuwa mikononi mwa waliomkamata.

Ofisi ya usalama ilikuwa nyumba ya matofali yenye veranda, na kamanda wake, Placide, alikuwa mtu wa sauti ya taratibu aliyependa kumenya karanga anapozungumza. Aliwapokea vizuri. Aliagiza viti vitatu: cha Hawa, cha Concilie, na cha mama Kezimana, aliyekuja kutoka Lusenda nyuma ya pikipiki, amejifunga kitambaa cha matanga, mdogo kama mtu aliyekunjwa ili aingie mahali padogo.

"Kwa hiyo bibi huyu njo alitaka kuchoma nyumba za bantu," Placide alisema.

"Ni mi," Kezimana alijibu. "Nilisema, na nitasema tena hapa kwako kama unataka kusikia. Bamemuua Hatungimana yangu."

"Pole, bibi. Pole sana." Alimsogezea kalamu na kipande cha karatasi. "Uniandikie jina yako hapa."

Kezimana aliitazama kalamu kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. "Sijue kuandika."

Placide akamgeukia Hawa. "Unaona, dada? Karatasi yenu iliniambia mutu ameandika. Mi nikatafuta mwenye kuandika, nikamupata. Sasa munaniletea mwenye hajue kushika kalamu, munasema ni huyu. Nitafungua gereza la bantu benye kusema? Litatosha?"

"Yeye alisema, na Ndabaneze akamwandikia," Hawa alisema. "Ni kazi yake kule kambini. Kila mara anaweka jina la mwenye maneno chini yake."

"Vizuri. Nionyeshe hiyo chini."

"Imefutwa."

"Na nani?"

Concilie ndiye aliyesema, akitazama sakafu. "Na mi."

"Ah." Karanga ikapasuka kati ya vidole vyake. "Mwenye haki anafutaka nini?"

"Niliogopa."

"Na we, dada Hawa, fundi wa kutafuta. Hukubaki na nakala?"

"Nilikuwa nayo ya machapisho mengine yake. Programu yangu imeyafuta. Ni sharti la mtandao."

"Programu ilitumwa na nani kufuta?"

"Na mimi."

Placide alicheka, wala si kwa ubaya. "Basi mumefuta bote babili, moja huku, moja kule. Ningekuwa na roho mubaya ningewaweka ndani pamoja, mufutiane." Alipangusa maganda kwenye meza, na aliponyanyua uso kicheko kilikuwa kimekwisha. "Sikiliza. Mwenyewe tulimuuliza. Tulimuuliza kwa upole na tulimuuliza vingine. Haya maneno ni ya nani? Amejibu moja tu: mukono ni wangu. Hakutaja bibi hata mara moja."

Kezimana aliinua kichwa. "Hakunitaja?"

"Hapana."

"Kwa nini hakunitaja?" Aliuliza kwa hasira, kana kwamba ameibiwa. Akageuka kwa Concilie. "Mi nilimuambia anitaje? Nilimuambia anibebee? Laana ni yangu. Ni kitu pekee kilibaki kwangu, na hata hiyo bwana yako ameichukua."

Concilie alimshika mkono tu, na mkongwe hakuuondoa.

Placide akasema na Hawa peke yake, kana kwamba wale wengine wametoka. "Wakati mashini yenu ilisema, mulituletea karatasi na muhuri. Sasa munasema mashini haikuona vizuri. Muhuri uko wapi?"

Henri aliisoma barua ya Hawa mara mbili, akaiweka mezani na kuilaza vizuri kwa kiganja. Ilikuwa barua fupi. Ilisema kwamba uchunguzi ulichukua maneno ukaacha jina, kwamba kosa ni la utaratibu wa shirika, na kwamba Ndabaneze aliandika kwa niaba ya mfiwa.

"Umeandika vizuri," alisema. "Siwezi kugonga."

"Shefu, ni kweli tupu."

"Najua ni kweli. Njo maana siwezi." Alivua miwani. Alikuwa mtu aliyeiacha kazi ya shule yenye mshahara wa uhakika ili aanzishe Sikilizana. Mwaka ule alipoanza, alitembea kwa miguu mitaa yote ya Baraka akiwaomba watu wasiamini uvumi. "Nikikubali kwamba hapa tulichukua juu tukaacha chini, batauliza, na mara ingine? Ripoti ngapi tumetoa, Hawa? Kila mahali uliona jina la mutu, uliangalia chini?"

Hilo ndilo swali ambalo Hawa alikuwa akilikimbia tangu jana. Alikuwa amekumbuka, bila kutaka, mwalimu mmoja wa upande wa Fizi, na muuza mafuta ya mawese, na msichana aliyefukuzwa na wakwe zake baada ya jina lake kutajwa katika ripoti. Machapisho yao yalikuwa yamekwisha kufutwa zamani. Hapakuwa na mahali pa kwenda kuangalia.

"Sikuangalia," alisema.

"Basi tukifungua mulango huu tutafunga shirika. Na tukifunga, nani atabaki wa kuzima moto?" Henri alivaa miwani tena. "Andika kwa jina lako mwenyewe. Sitakuzuia, na sitakufukuza. Lakini muhuri hapana."

Hawa akaandika kwa jina lake. Placide aliipokea barua kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka chini ya kopo la karanga ili upepo usiichukue.

Kesho yake walimhamisha Ndabaneze. Habari ilimfikia Hawa sokoni, kwa mwanamke aliyeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, karibu na veranda ya Placide, naye akakimbia akiwa na kikapu. Gari lilikuwa limesimama kando ya barabara ya Uvira, nyuma limejaa magunia na askari wawili, na kati ya magunia alikaa mtu mwembamba asiye na kofia. Bila kofia alionekana mzee kuliko picha yake. Jicho moja lilikuwa limevimba. Concilie alisimama chini akimpa fuko la chakula, na askari alikuwa akilipekua bila haraka.

"Simu iko wapi?" Ndabaneze alimwuliza mkewe.

"Iko nyumbani."

"Bantu banaandikiwa na nani?"

"Hakuna. Banaogopa. Vainqueur anachaji tu, haandiki."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imeharibu mbegu. Kisha akamwona Hawa, akaona jinsi alivyosimama mbali na bado haondoki.

"Huyu dada ni nani?"

Concilie akajibu: "Ni wa mashini."

Hawa akasogea.

"Ni we ulinisoma?" Ndabaneze aliuliza.

"Ni mimi."

"Ulisoma ya juu tu."

Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtu anayesahihisha daftari la mwanafunzi, akiwa na hakika kwamba kosa likionyeshwa litaeleweka.

"Ndiyo," Hawa alisema. "Nilisoma ya juu tu."

Askari alirudisha fuko, akiwa amechukua nusu ya mihogo. Dereva akawasha gari. Lilipoondoka kuelekea upande wa Makobola na Uvira, Concilie hakulifuata wala hakupunga mkono. Alibaki akitazama mahali lilipokuwa limesimama, palipobaki mafuta meusi juu ya matope.

Uvira hawakukaa naye muda mrefu. Baadaye ilisemekana amepelekwa Bukavu, na baada ya hapo hapakusemekana kitu. Concilie alikwenda Uvira akarudi na fuko lile lile, chakula kikiwa kimechacha ndani.

Katika siku hizo Hawa aliitengeneza programu upya. Sasa ilipopata chapisho iliomba pia mazungumzo yote yaliyofungamana nalo, ya juu na ya chini, na ilisimama ikangoja jicho la mtu kabla ya kuliandika jina lolote. Aliijaribu mara nyingi, na ilifanya kazi vizuri kuliko zamani. Jumatatu ya kwanza aliyoituma, majibu ya Baraka yalirudi, ya Fizi yakarudi, ya vijiji vya pwani yakarudi. Ya Lusenda hayakuwapo. Alifikiri amekosea, akapanua muda, akapunguza masharti, akatafuta hata maneno ya kawaida: mvua, mtoto, salamu. Mambo machache ya vijana na mpira yalikuja. Wale wajane, wale akina baba wa mapacha, wale waliokuwa wakisema kwa mkono wa Ndabaneze na kwa mikono ya wengine kama yeye, walikuwa wamenyamaza wote.

Henri alipoona safu ya Lusenda iko tupu, uso wake ulifunguka.

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna, shefu. Lakini ni kwa sababu..."

"Kwa miezi yote hatujaona hivi. Andika: *Hali ya Lusenda imetulia.* Wafadhili watafurahi, na kweli tunastahili furaha kidogo."

Hawa aliweka vidole juu ya vibonye, akaviacha hapo. Mlangoni palikuwa na kivuli. Concilie alikuwa amesimama, safari hii viatu viko miguuni, kwa sababu ardhi ilikuwa imeanza kukauka.

Hawa aliinuka akatoka nje, akaiacha sentensi haijaandikwa.

"Nataka kupeleka neno kwa ndugu mukubwa wa bwana yangu," Concilie alisema. "Analima kule Rumonge. Namba yake sina. Walikuwa banasemezana kwa akaunti tu, na akaunti..." Hakumalizia. "Nataka ajue kwamba ndugu yake iko Bukavu. Labda yeye atajua pa kuuliza. Mwanaume anasikilizwa. Pale kambini hakuna mwenye kuniandikia."

"Sema, mama. Nitaandika kwa akaunti yangu."

Concilie alimtazama. "Utaandika *mi*?"

"Nitaandika kama utakavyosema."

"Na jina yangu utaweka chini?"

"Nitaliweka juu. Mwanzo kabisa."

Ndani ya chumba vibonye vilisikika; Henri alikuwa ameketi kwenye kiti cha Hawa na alikuwa akiandika mwenyewe, kwa vidole viwili, taratibu. Concilie aliisikiliza sauti ile mpaka ikakoma.

"Hapana, dada," alisema. "Acha."

"Haitakuwa kama mara ile. Mwenye kusoma sasa ni mimi, na ninasoma yote."

"Mara ile mwenye kusoma alikuwa nani?"

Concilie alikaza kitenge chake, na kwa sababu hakuwa mtu wa kuondoka bila adabu, aliongeza, "Sina kinyongo na we. Lakini siwezi kuweka mutu mwingine pale ndani kwa ajili ya maneno yangu. Ikitokea kwako, nani atakuja kusema kwamba hayakuwa yako?"

Alishuka kuelekea ziwani. Hawa akamfuata, kwa kuwa kurudi ndani kulimshinda, na kwa kuwa angalau alizijua mashua. Kwenye gati ya mawe, moja ya mashua za injini za Ibrahim, baba yake Hawa, ilikuwa inapakia kwenda Rumonge: magunia ya mchele, madumu ya mawese, na wachuuzi wakigombania mahali pa kuketi. Hawa akamwita mmoja wao, Marie, mwanamke mnene aliyevuka kila wiki, na kumwomba achukue salamu za mdomo.

"Salamu hazina uzito," Marie alisema. "Ilimradi zisiwe ndefu. Kichwa yangu imejaa bei."

Concilie akamwambia. Jina la shemeji yake, kilima anakolima, jina la mke wa shemeji huyo ili Marie asipotee. Kwamba Ndabaneze alikamatwa. Kwamba hakufanya lolote, aliandika tu. Kwamba alipita Uvira na sasa inasemekana yuko Bukavu. Kwamba jicho la kushoto lilikuwa limevimba lakini alikuwa anaona. Kwamba shemeji aje, au kama hawezi kuja, amtafute padri aliyemfanya Ndabaneze karani, kwa kuwa padri anaujua mwandiko wake.

"Rudia," Concilie alisema.

Marie alirudia. Alilisahau jicho, na mahali pa Bukavu akaweka Uvira. Concilie akamsahihisha. Alirudia tena, safari hii Bukavu ilikuwapo lakini padri hakuwapo. Nahodha alikuwa ameanza kupiga kelele. Marie akapanda, akakaa juu ya gunia, akaitikia kwa kichwa kila aliposahihishwa, jinsi mtu anavyoitikia anapokuwa amekwisha kufikiria jambo jingine.

Injini ilipowaka, Concilie aliingia majini na viatu vyake, akashika ubao wa mashua. "Padri," alisema. "Usisahau padri. Na useme hakufanya kitu, aliandika tu."

"Nimesikia, mama. Aliandika tu."

Mashua ikamponyoka mkononi. Hawa alisimama juu ya mawe akamsikia Concilie akiendelea kuutamka ujumbe, jina, kilima, Bukavu, jicho, padri, kwa mpangilio ule ule, kwa sauti ya kawaida ambayo hakuna aliyekuwa ndani ya mashua angeweza kuisikia juu ya ngurumo ya injini.